Rangi ya ekzosi haizuii sumu ya moshi

MTU akipita katika gereji za jua kali jijini Nakuru hakosi kuona ekzosi zilizotundikwa kwenye waya zikikauka, zimepakwa rangi ya fedha au nyeusi. Nyingine ni mpya, zimetoka kwa fundi wa kuchomelea. Nyingine ni kuukuu: zimesuguliwa kwa brashi ya waya, zikapuliziwa rangi, na sasa zinang'aa kana kwamba zimetoka dukani leo. Mwenye gari huambiwa kwamba rangi hiyo ni ya kuhimili joto, na kwamba itazuia kutu kwa miaka mingi.

Je, inafaa kupaka? Kwa kawaida swali hili huachiwa makanika. Hata hivyo, ekzosi ni bomba linalobeba sumu chini ya viti vya abiria, na lolote linalofanyiwa bomba hilo linawahusu wanaoketi juu yake.

Jibu ni kwamba rangi hiyo haina ubaya ikipakwa kwenye chuma kizima, na ni hatari ikipakwa kwenye chuma kilichooza. Huzuia kutu ya nje tu. Haizibi tundu, haipunguzi sumu iliyomo katika moshi, na mara nyingi huficha ile alama ambayo ingemwonya mwenye gari kwamba ekzosi imeanza kuvuja.

RANGI YENYEWE

Rangi ya kawaida haikai kwenye ekzosi. Joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi hutoa malengelenge, hugeuka kahawia na kuungua. Manifoldi, yaani ile sehemu inayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini, huweza kupita nyuzi 500 gari la petroli linapopanda mlima likiwa na mzigo. Sailensa ya nyuma haipati moto kiasi hicho, ingawa joto lake latosha kabisa kuunguza ngozi.

Rangi ya kuhimili joto hutengenezwa kwa gundi ya silikoni iliyochanganywa na unga wa alumini au madini mengine. Makopo mengi huandikwa kwamba yanavumilia nyuzi 600 au zaidi kidogo. Inapopata moto kwa mara ya kwanza, sehemu ya gundi hiyo huungua na kutoka kama moshi, na kinachobaki hushikana na chuma mithili ya kauri nyembamba. Kwa hiyo rangi hii haikomai kwa jua. Hukomaa kwa moto. Rangi ya fedha inayopakwa mageti si hii, hata kama zinafanana kwenye rafu ya duka.

Iko pia mipako ya kauri inayopakwa kwa mitambo kiwandani kwa bei ghali, na hiyo kweli hupunguza joto linalotoka kwenye bomba. Rangi ya kopo ni nyembamba mno kufanya kazi hiyo. Bomba lililopakwa litakuunguza sawasawa na lile ambalo halikupakwa.

KUTU YATOKA NDANI

Wengi hawajui kwamba ekzosi huoza zaidi kutoka ndani kuliko kutoka nje. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo husafiri kama mvuke pamoja na moshi. Bomba likiwa limepata moto wa kutosha, mvuke huo hutoka wote. Likiwa baridi, hugeuka matone ndani ya sailensa na kuchanganyika na gesi nyingine kuwa tindikali hafifu. Ukitazama magari yanavyowashwa asubuhi huko Njoro au Molo utayaona maji hayo yakidondoka nyuma.

Gari linaloharibika upesi si lile linaloenda Mombasa kila wiki. Ni lile linalotoka Section 58 hadi katikati ya mji, likazimwa, jioni likarudi. Bomba lake halipati nafasi ya kukauka. Salfa iliyomo katika mafuta huongeza ukali wa tindikali hiyo, ingawa hali imekuwa nafuu tangu Kenya ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015.

Hii haina maana kwamba nje hakuna adui. Jina la Nakuru lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi la maeneo ya maziwa ya magadi lina chumvi. Likichanganyika na tope la masika, hushika chini ya gari na kula chuma. Hapo rangi husaidia. Lakini ikiwa bomba limeliwa kutoka ndani hadi limebaki jembamba kama kopo la maziwa, kulisugua kwa brashi na kulipaka huwa ni kulivisha tu. Huonekana zima siku ya kulipa, na hutoboka njiani.

GESI ISIYO NA HARUFU

Sumu ya kuogopwa zaidi katika moshi wa petroli ni kaboni monoksidi. Ndiyo ile ile iliyomo katika moto wa makaa, ambayo huwaua watu wanaolala na jiko chumbani wakati wa baridi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Mtu huivuta bila kujua.

Damu yetu husafirisha oksijeni kwa kutumia hemoglobini. Kaboni monoksidi hushikana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo maana kiasi kidogo kikivutwa kwa muda mrefu huweza kuteka sehemu kubwa ya damu. Moyo husukuma, kifua hupumua, lakini ubongo hukosa hewa.

Gari la petroli lenye kabureta, au lililopoteza kifaa cha kusafisha moshi, huweza kutoa gesi hii kwa zaidi ya asilimia 1 ya moshi wake likiwa limesimama injini ikinguruma. Hewa yenye kiwango kama hicho ikijaa mahali palipofungwa huua kwa dakika chache. Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani huja na kifaa hicho, ambacho mafundi wetu hukiita masega kwa kuwa ndani yake kina vitundu kama nyumba ya nyuki. Kikipata moto hugeuza kaboni monoksidi kuwa hewa ya ukaa, ambayo si sumu ya aina hiyo. Kwa bahati mbaya masega yana madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwa hiyo huibwa, au hutolewa kwa mwenye gari kudanganywa kwamba yanapunguza nguvu ya injini. Anayechukua gari gereji likiwa limepakwa rangi mpya chini na linanguruma zaidi ya awali angeuliza masega yake yako wapi.

Kumbuka pia kwamba masega huwa mbali kidogo na injini. Tundu likiwa kabla ya kifaa hicho, kwa mfano kwenye gasketi ya manifoldi, moshi hutoka kabla haujasafishwa.

Dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo zaidi, lakini masizi yake ni mengi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mwenye pikapu ya dizeli asidhani haya hayamhusu.

MWINUKO NA MADIRISHA

Katika Bonde la Ufa hatari hii ina sura yake. Nakuru iko karibu meta 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi ya hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Ukielekea Eldoret kupitia Mau Summit na Timboroa unapita meta 2,700. Mwili uliokwisha kupungukiwa na oksijeni huishiwa upesi zaidi kaboni monoksidi inapoingia. Isitoshe, injini ya kabureta ambayo haikurekebishwa kwa mwinuko huo huunguza petroli nyingi kwa hewa kidogo, na hapo hutoa gesi hii kwa wingi.

Kisha kuna baridi. Kila anayesafiri kwa matatu kutoka Nakuru hadi Molo au Elburgon anajua vita vya dirisha. Mmoja akifungua, watatu wanalalamika kuhusu upepo na kifua cha mtoto. Dirisha hufungwa, na gari lenye watu kumi na wanne hupanda mlima likiwa limefungwa kama chupa. Katika matatu za aina hiyo injini mara nyingi huwa chini ya viti vya mbele, na gasketi ya manifoldi ikipasuka, moshi huwa karibu kabisa na miguu ya dereva na abiria wake.

Walio katika hatari kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni wale wanaopakiwa kwenye buti la Probox katika barabara za mashambani. Mbali na kwamba hawana mkanda wala kiti, wao ndio walio karibu na mdomo wa ekzosi, na mlango wa nyuma ukiachwa wazi kidogo kwa ajili ya mizigo, gari linapokwenda huvuta moshi wake lenyewe na kuuingiza ndani. Mara nyingi wanaoketi huko ni watoto.

Madereva wa malori wanaolala Salgaa wana shida nyingine. Usiku ni wa baridi, na wapo wanaoacha injini ikinguruma ili kichwa cha lori kipate joto. Ekzosi iliyotoboka chini ya kichwa hicho hufanya kazi ile ile ya jiko la makaa.

DALILI ZINAZOCHANGANYA

Sumu hii huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na moyo kwenda mbio. Abiria hudhani amechafukwa na safari. Dereva hudhani ni njaa au usingizi. Wengine hufika nyumbani wakanunua dawa ya malaria. Sumu ikizidi, mtu huchanganyikiwa, hulegea miguu, na huenda akazirai kabla hajafikiria kufungua mlango. Dereva aliyefikia hapo huwa hatari kwa wengine barabarani.

Ziko alama mbili za kutofautisha. Kwanza, homa haipo. Pili, kichwa huuma ndani ya gari na huachia baada ya mtu kutoka na kupata hewa. Ikiwa watu wawili au watatu katika gari moja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, usitafute sababu nyingine kabla ya kuchunguza ekzosi.

Mgonjwa wa namna hiyo atolewe kwenye hewa safi mara moja, injini izimwe, na apelekwe hospitali yenye oksijeni. Akiachwa avute hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo katika damu huchukua saa nne au tano kutoka. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Aliyemsindikiza aseme wazi kwamba mgonjwa alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na kaboni monoksidi: huweza kuonyesha asilimia 98 ilhali mtu yu taabani. Kipimo cha kweli ni cha damu. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii zaidi na kuiachilia polepole kuliko damu ya mama. Na mtu aliyepata nafuu akianza kusahau mambo, au tabia yake ikabadilika siku au wiki kadhaa baadaye, arudi kwa daktari, maana ubongo huweza kuonyesha madhara kwa kuchelewa.

TAFUTA TUNDU KABLA YA RANGI

Kazi hii haihitaji mitambo. Gari liwe nje mahali wazi na injini iwe baridi, kwa mfano asubuhi. Liwashwe, kisha mtu mwenye glavu nene azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache tu. Kama bomba ni zima, moshi hujikusanya na kusukuma kitambaa kwa nguvu. Kama limetoboka, utasikia mlio wa kufuka mahali fulani chini ya gari.

Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, angalia maungio. Mistari ya masizi meusi kandokando ya gasketi au mshono ni njia ya moshi. Gonga bomba kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu au kubonyea. Mlio wa tik-tik-tik injini inapowashwa baridi, unaopungua inapopata moto, mara nyingi ni ufa kwenye manifoldi, ambao hujibana chuma kinapotanuka. Usiruhusu mtu yeyote alale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Na pua yako pia ni kipimo. Kaboni monoksidi haina harufu, lakini moshi unaoibeba unayo. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari lako na hakuna lori mbele yako, moshi huo ni wako.

Mambo haya yote sharti yafanywe kabla ya kupaka, kwa maana baada ya kupaka masizi hayaonekani tena na nyufa nyembamba hufunikwa kwa muda. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, au sehemu ibadilishwe. Ule udongo wa kuziba unaouzwa katika makopo waweza kukufikisha nyumbani. Usiutegemee mwaka mzima.

MITINDO YA MAGARI YA MBIO

Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kituo chake kikubwa kilikuwa Naivasha. Mitindo ya magari ya mbio huwavutia vijana, na mmojawapo ni ule wa kuzungushia manifoldi utepe wa nyuzi za kioo ili kuzuia joto. Gari la mbio hufunguliwa na kukaguliwa kila siku na mafundi kadhaa. Subaru ya kwenda kazini haifunguliwi. Utepe huo hunyonya maji ya barabarani na kuyashikilia kwenye chuma, kikaoza upesi, tena tundu likitokea halionekani. Ukilowa mafuta ya injini huweza kushika moto. Nyuzi zake nazo huwasha ngozi na macho wakati wa kuukata, na ni afadhali ukatwe ukiwa umeloweshwa maji.

Baya kuliko utepe huo ni asbesto. Gasketi na kamba za kuzuia joto za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na bado waweza kuzikuta kwenye malori makuukuu na katika vyuma chakavu. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani miaka 20, 30 au zaidi baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau alikofanya kazi. Hakuna aina yake iliyo salama. Nchini Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Fundi anayekwangua gasketi ya zamani kwa msasa mkavu na kupuliza vumbi kwa mdomo anajitendea vibaya sana. Ailoweshe maji, aitoe nzima, aifunge katika mfuko, asiitupe wala kuichoma.

KIFUA CHA FUNDI

Mwenye gari hukaa na rangi hii kwa saa moja. Fundi hukaa nayo kila siku, na ndiye anayeumia zaidi ingawa hazungumziwi.

Kazi huanza kwa kukwangua. Vumbi la kutu si sumu kali, lakini rangi ya zamani iliyo chini yake huenda ina risasi au kromati. Mabomba ya magari yaliyokuwa yakitumia petroli ya zamani huweza kuwa na risasi hata katika masizi ya ndani, kwa kuwa petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hadi mwanzoni mwa mwaka 2006. Vumbi hilo huganda mikononi, likaliwa pamoja na chapati ya saa nne. Kunawa kwa sabuni kabla ya kula ni kinga kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Kisha kuna tina. Toluini na zailini, ambazo ndizo huyeyusha rangi nyingi za kupuliza, hulewesha, huumiza kichwa, na kwa miaka mingi hudhuru neva na kumbukumbu. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali ambayo sote tuliizoea wakati wa korona, haizuii mvuke huo hata kidogo. Inayouzuia ni ile yenye chujio la mkaa maalumu. Kama haipo, kazi ifanyiwe nje, upepo ukitoka mgongoni, wala si ndani ya kibanda cha mabati. Sigara na moto wa kuchomelea viwe mbali.

Kuchomelea nako kuna lake. Mafundi wengi huziba ekzosi kwa vipande vya bomba la maji au mabati, ambavyo vimepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na saa chache baadaye fundi hushikwa na kibaridi, kiu, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Wengi huita malaria. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini kifua kikizidi kubana aende hospitali. Ni desturi kumpa fundi pakiti ya maziwa ili yatoe sumu. Maziwa ni chakula kizuri, ila huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Dawa ni kuikwangua zinki hiyo kabla ya kuchomelea, au kutumia chuma kisichopakwa. Hali kadhalika ekzosi yenye rangi yoyote isichomelewe kabla rangi haijaondolewa mahali pa moto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye gereji ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Katika gereji nyingi za kando ya barabara, vifaa hivyo ni miwani moja inayozungushwa kwa watu wanne.

SAFARI YA KWANZA

Ekzosi ikishapakwa itatoa moshi na harufu kali inapopata moto kwa mara ya kwanza. Hiyo ni ile gundi inayoungua, na moshi wake una kemikali zinazowasha macho na koo. Mwenye pumu asiwe karibu. Fuata maelezo ya kopo: mengi hutaka injini iwashwe kwa muda, izimwe ipoe, kisha iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi. Fanyeni hivyo nje, gari likiwa tupu. Asije mtu akapaka saa kumi na saa kumi na moja akapakia watoto wa shule.

Wako wanaochukua kipande kidogo kilichopakwa wakakioka nyumbani katika ovena ili rangi ikomae. Ovena ya kuokea keki si mahali pake.

Harufu hiyo ikiendelea baada ya safari mbili tatu, usiambiwe kwamba ni rangi mpya. Rudi ukatafute tundu.

MGUU WA ABIRIA WA BODABODA

Pikipiki ndiyo yenye ekzosi inayogusa watu wengi zaidi, kwa maana halisi ya kugusa. Karibu kila mtaa wa Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, kuna mtu mwenye kovu la mviringo upande wa ndani wa ndama ya mguu wa kulia. Pikipiki nyingi za bodaboda zina bomba upande huo. Abiria anayepanda na kushuka kwa upande wa kushoto huepuka sehemu kubwa ya hatari.

Waendeshaji hupaka mabomba yao rangi nyeusi ya kuhimili joto ili yapendeze, na wengine huondoa lile bati la kukinga mguu kwa sababu linagongagonga. Rangi hiyo haipunguzi joto. Bati ndilo linalookoa ngozi, na kulifunga upya ni kazi ya skrubu mbili. Wanafunzi wenye kaptura na akina mama waliovaa sketi ndio wanaoungua zaidi, pamoja na watoto wanaocheza karibu na pikipiki iliyotoka kuzimwa.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dakika mbili. Yasiwe ya barafu. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia. Hivyo hushikilia joto na kuleta uchafu kwenye kidonda. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na ukumbuke kuulizia sindano ya pepopunda. Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lililo jeupe na lisilouma, au la mtoto mdogo au mtu mwenye kisukari, lionwe na daktari siku hiyo hiyo, hata kama linaonekana dogo kando ya yale ambayo watu wamezoea kuyaona katika steji.